Kupima Sukari Bila Kupima Mkojo ni Kazi Nusu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mlinzi wa nyumba, ukurasa huu husema mara nyingi juu ya kofia ngumu, viatu vya chuma, mawe yanayoanguka na vumbi. Hizo ni hatari zinazoonekana kwa macho. Leo tutasema juu ya hatari isiyopiga kelele. Haitoi damu, haina maumivu, na mwenye nayo anaweza kufanya zamu yake yote bila kujua. Ni kuharibika kwa mafigo kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari.

Neno letu ni moja, na tunalisema tangu mwanzo. Mtu mwenye sukari anayetobolewa kidole apimwe damu, kisha akarudishwa nyumbani bila kupimwa mkojo, amehudumiwa nusu. Na sisi watu wa machimbo tunajua kazi nusu huleta nini. Nguzo iliyopigiliwa upande mmoja husimama leo, na kesho huangukia watu.

MAFIGO HUFANYA KAZI GANI

Mafigo ni mawili, yamelala mgongoni chini ya mbavu. Kila figo lina vichujio vidogo sana, kama milioni 1. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji ya damu kama litri 180, yaani karibu pipa zima la mafuta la litri 200. Karibu maji yote hurudishwa katika damu. Yale yanayobaki, kama litri moja na nusu, ndiyo mkojo, na ndani yake mna taka za mwili.

Kichujio kizuri huachilia taka na kushika vitu vya maana. Kimoja cha vitu hivyo ni protini inayoitwa albumini. Albumini huyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikivuja kwa wingi, maji hutoroka na miguu huvimba. Basi, albumini ikionekana katika mkojo, ujue kwamba kichujio kimeanza kutoboka. Katika watu 10 wenye ugonjwa wa sukari, 3 hadi 4 hupatwa na ugonjwa wa mafigo. Hao si wachache.

FUNDI ANAYEKATA MNYORORO

Wengi husema, “Sukari imeniharibu mafigo,” na huishia hapo. Ni kweli, lakini sukari haifanyi kazi hiyo peke yake. Ina msaidizi ndani ya mwili, na huyo msaidizi tunaweza kumzuia. Ni kitu cha namna ya enzimu.

Enzimu ni kama fundi mdogo. Kazi yake ni kukata au kuunganisha vitu vya mwili, na yeye mwenyewe haishi. Ukitaka kumjua, chukua kipande cha kwanga, ukitafune polepole bila kumeza. Baada ya muda mfupi utasikia utamu. Ni enzimu ya mate imekata unga wa muhogo na kuugeuza kuwa sukari.

Enzimu tunayosema leo hukata kitu kingine. Wanganga wa lugha ya Kifaransa huiita kwa herufi tatu, ECA. Wale wa Kiingereza huandika ACE. Kazi yake inafuata hatua hizi:

Hatua ya 1: Mafigo yakiona maji au chumvi imepungua, hutoa kitu kinachoitwa renini. Robert Tigerstedt na Per Bergman waliandika habari zake mwaka 1898 huko Stockholm, Sweden. Renini nayo ni enzimu. Hukata protini moja inayotoka katika ini, na kipande kinachobaki ni mnyororo wa pete 10. Huitwa angiotensini ya kwanza, na hakina nguvu.

Hatua ya 2: Kipande hicho kikipita katika mapafu hukutana na ECA, ambayo ni nyingi huko. ECA hukata pete 2. Zinabaki 8. Huo mnyororo mfupi ni angiotensini ya pili, na huo una nguvu kubwa ya kubana mishipa ya damu. Leonard Skeggs na wenzake wa Cleveland, Marekani, walionyesha kazi ya enzimu hii mwaka 1956.

Enzimu hii si adui. Ukipata ajali na damu ikamwagika, au ukitoka jasho jingi shimoni, ndiyo inayobana mishipa ili tansio isianguke ukafa. Shida huanza inapofanya kazi hiyo ndani ya figo la mtu mwenye sukari.

MFANO WA PAMPU NA CHUJIO

Wafikirie wale wanaoosha mchanga. Pampu inaleta maji kwa mpira mmoja, maji yanapita katika chujio, kisha yanatoka kwa mpira mwingine. Sasa panua mpira wa kuingilia, na ubane ule wa kutokea. Maji yatakwenda wapi? Yatasukuma chujio. Litavimba, nyuzi zitaachana, na mchanga utapita pamoja na kile ulichokuwa unakitafuta.

Ndivyo ilivyo katika figo. Sukari nyingi katika damu hupanua mshipa unaoingiza damu katika kichujio. Angiotensini ya pili hubana mshipa unaoitoa. Msukumo ndani ya kichujio unapanda. Tena sikia vizuri: msukumo huo unaweza kuwa juu ndani ya figo, hali tansio inayopimwa kwenye mkono ni nzuri. Ndiyo maana kipimo cha mkono peke yake hakitoshi.

Mwanzoni albumini huvuja kidogo sana. Miaka inapita. Vichujio vinapata makovu na kufa kimoja kimoja, na vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokufa, navyo vinachoka mbele ya wakati wake. Mtu anapoanza kuvimba uso asubuhi, kutapika, kukosa pumzi na kukosa nguvu, mara nyingi sehemu kubwa ya kazi ya mafigo imekwisha kupotea. Kovu la figo halirudi kuwa nyama nzima.

DAWA ILIYOTOKA KWA NYOKA

Katika Brazili kuna nyoka mmoja mkali anayeitwa jararaca. Akimuuma mtu, tansio huanguka. Mwaka 1965 munganga mmoja wa nchi hiyo, Sérgio Ferreira, alieleza kwamba ndani ya sumu ya nyoka huyo mna kitu kinachozidisha nguvu ya kitu kingine cha mwili chenye kulegeza mishipa. Baadaye yeye na John Vane wa London walifuata njia hiyo, na ikaonekana kwamba sumu hiyo huizuia ECA. Miguel Ondetti na David Cushman wa kampani ya Squibb, Marekani, wakatengeneza kidonge chenye kufanya kazi hiyo. Kidonge hicho ni captopril, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Nyuma yake vilikuja enalapril, lisinopril, ramipril na vingine vya jamaa hiyo.

Mwaka 1993 Edmund Lewis na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio yao. Wagonjwa walikuwa 409, wote wenye sukari ya kutumia insulini, na mkojo wao ulikuwa na protini. Wengine walipewa captopril, wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Tansio ya pande zote mbili ilitunzwa kwa dawa nyingine. Katika kundi la captopril hatari ya kufa, ya kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu au ya kuhitaji figo la mtu mwingine ilipungua kwa nusu.

Kwa wale wenye sukari ya watu wazima, ambayo ndiyo nyingi zaidi, majaribio makubwa ya mwaka 2001 yalionyesha msaada wa dawa za jamaa ya karibu, losartan na irbesartan. Hizo hazizuii ECA. Zenyewe hufunga mlango ambamo angiotensini ya pili huingilia kazini. Njia ni mbili, na shabaha ni moja: kulegeza ule mpira wa kutokea.

Tusidanganyane. Dawa hizi haziponyi. Hupunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini mtu ambaye mafigo yake yangekufa watoto wakiwa wadogo, akiongezewa miaka kadhaa, anaweza kuwaona wamemaliza shule. Hilo si jambo dogo kwa jamaa yoyote.

MANENO TUNAYOYASIKIA

“Mimi sisikii maumivu yoyote.” Ndiyo, na hutasikia. Ugonjwa huu huanza bila maumivu. Hewa mbaya shimoni nayo huweza kuja bila harufu, na hakuna fundi anayesema, “Sikusikia kitu, basi hakuna kitu.” Tunapima. Mafigo nayo hupimwa.

“Dawa hii si ya watu weusi.” Neno hili lina kipande cha ukweli, na kwa sababu hiyo linadanganya wengi. Ni kweli kwamba kwa watu weusi wengi vidonge hivi vikinywewa peke yake hushusha tansio kidogo kuliko kwa wengine. Kwa hiyo munganga mara nyingi huongeza dawa nyingine. Lakini kulinda mafigo ni jambo tofauti. Huko Marekani watu weusi 1,094 wenye tansio na mafigo yaliyodhoofika, wasio na sukari, walitazamwa kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 na 2002 yalionyesha kwamba ramipril ililinda mafigo yao kuliko amlodipine. Ngozi haikuzuia dawa.

“Inaua nguvu za mwanaume.” Kinachoua nguvu hizo mara nyingi ni sukari yenyewe, maana huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Kati ya dawa za tansio, hizi si zile zinazojulikana kwa kuleta shida hiyo. Ukiona mabadiliko, sema na munganga. Usitupe vidonge kimyakimya.

“Ni bei kali.” Tufanye hesabu pamoja. Enalapril ni dawa ya zamani, hutengenezwa na viwanda vingi, na imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kijiti cha kupima mkojo ni kitu kidogo. Sasa weka upande wa pili mashine ya kusafisha damu: kwa kawaida mara 3 kwa juma, kama saa 4 kila mara, maisha yote. Mtu wa Bafwasende, Banalia au Opala hawezi kulima, kuchimba wala kuuza sokoni akiwa amefungwa na ratiba hiyo. Na jamaa itakayoamua kumpeleka mgonjwa wake Kinshasa ina safari ya zaidi ya kilomita 1,700 kwa mto. Bei kali ni ya kuchelewa.

OMBI LETU KWA WAKUBWA WA KAZI

Kuna jambo moja linalofunga midomo ya watu, na lazima lisemwe hapa. Mfanyakazi huogopa kwamba karatasi ya munganga itamtoa kazini. Kwa sababu hiyo huficha. Hunywa dawa usiku, au haendi dispanseri kabisa. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si haki kumlaumu mfichaji bila kutazama kinachomfichisha.

Tunakubali kwamba mwendesha mashine kubwa ambaye sukari yake huanguka ghafula anaweza kujiua na kuua wenzake. Huo ni usalama, na usalama hauna mjadala. Lakini albumini katika mkojo haimwangushi mtu kwenye usukani. Ni onyo la mapema, lenye miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake kama akitunzwa. Na yule ambaye kweli hawezi tena kuendesha mashine, abadilishiwe kazi. Asitupwe nje.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kipimo cha mkojo kiingizwe katika uchunguzi wa kila mwaka kwa kila mwenye sukari, na kwa kila mwenye tansio pia. Pili, wake na waume wa wafanyakazi wapimwe vilevile pale dispanseri inapowahudumia. Tatu, matokeo yakae kati ya munganga na mgonjwa. Mtu akijua kwamba siri yake italindwa, atakuja mapema, na akija mapema kampani nayo itabaki na fundi wake.

UANGALIFU NA VIDONGE HIVI

Dawa nzuri nayo ina masharti. Usijinunulie sokoni kwa kusikia jina lake hapa.

Kwanza, mwanamke mwenye mimba asinywe vidonge hivi, wala losartan. Huharibu mtoto tumboni. Mama anayetazamia kushika mimba amwambie munganga mapema ili abadilishiwe.

Pili, watu kadhaa hupata kikohozi kikavu. Si hatari, lakini husumbua, na munganga anaweza kubadilisha dawa. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, acha dawa na ukimbie hospitali saa ileile. Jambo hili ni la nadra, ila huonekana zaidi kwa watu weusi, na huweza kuziba pumzi.

Tatu, damu ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya juma moja au mawili, kuangalia kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni, munganga atajua kama ni ya kuvumilia.

Nne, ukiharisha na kutapika sana, au ukikaukiwa maji kwa joto la shimoni, uliza upesi kama unapaswa kusimamisha dawa kwa siku chache. Kumbuka kwamba enzimu hii ndiyo inayolinda tansio maji yakipungua.

Tano, usichanganye na vidonge vya maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Tunajua mgongo wa mchimbaji unauma, na vidonge hivyo vinauzwa kila kona. Lakini kwa figo lililoanza kudhoofika ni kama kuongeza moto. Uliza dawa nyingine ya maumivu.

NYUMBANI NA KAZINI

Mama, sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwako. Chumvi nyingi hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Makayabu yalowekwe vizuri na maji yamwagwe, na vile vipande vya viungo vya dukani visiwekwe kila siku. Lituma na kwanga ni chakula chetu, hatusemi vitupwe. Lakini sahani ya mwenye sukari iwe na pondu na mboga nyingi, na lituma kidogo. Sukre za chupa aziache kabisa, isipokuwa sukari yake ikianguka.

Kwa ndugu wenye kuchimba dhahabu kwa mikono, au wenye jamaa huko: zebaki ni sumu ya fahamu na ya mafigo pia. Kuichoma jikoni mbele ya watoto ni kuipeleka sumu hiyo kwa watu wote wa nyumba. Mwenye sukari ana sababu mara mbili ya kukaa mbali na moshi wake.

Na dawa za miti shamba? Hatuzidharau. Lakini mtu asikupe chupa isiyojulikana kipimo chake, ukaacha insulini au kidonge chako. Mwonyeshe munganga kile unachokunywa. Asikasirike, na wewe usione haya.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

Mwenye sukari ya watu wazima apimwe mkojo tangu siku ile ugonjwa unapojulikana, kwa maana sukari huweza kukaa mwilini miaka bila kuonekana. Mwenye sukari iliyoanza utotoni, ya kutegemea insulini, aanze baada ya miaka 5. Kisha kila mwaka.

Jua pia kwamba kile kijiti cha kawaida hukamata albumini ikiwa imekwisha kuwa nyingi. Kikionyesha hakuna kitu, uliza kama labo inaweza kupima albumini kidogo, kwa kuilinganisha na kreatinini ya mkojo. Mji wetu wa Kisangani una hospitali, na una Kliniki za Chuo Kikuu. Kuuliza si aibu.

Basi, utakapokwenda dispanseri mwezi huu, uliza haya matatu, na kama wewe husahau, mkeo au mumeo aandamane nawe akayaulize:

1. Mkojo wangu una albumini?
2. Tansio yangu ni ngapi, na inapaswa kuwa ngapi?
3. Je, mimi ni mtu wa kupewa dawa inayozuia ECA, au ile inayofunga mlango wake?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo, ukuta haujengeki tena. Ziba ufa.